Kulala kwa wenyeji ukisafiri na pikipiki, Mwanza hadi Moshi: jina la mwenyeji umelibeba wewe

NgoshaWaPasua (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, riziki imenileta Moshi, naishi Pasua. Nyumbani naenda na pikipiki, Boxer 150 ya kawaida kama hizi zinazobeba abiria mtaani kwenu. Njiani nalala kwa watu. Wengine ni ndugu wa rafiki, wengine nimeunganishwa nao na magrupu ya waendesha pikipiki, wengine tumekutana tu kwenye kituo cha mafuta wakasema "usiku huu unakwenda wapi, twende nyumbani". Na mimi nikiwa Moshi nawalaza wapita njia. Ugeni naujua, na uwenyeji naujua.

Nimeamua kuandika kwa sababu Desemba inakaribia na vijana wanajipanga kupanda huku. Naona wanaulizana habari za tairi, oili, sanduku la nyuma, koti la mvua. Hayo ni muhimu. Lakini sijaona anayeuliza habari za watu watakaomlaza, na hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Hoja yangu ni hii. Mtu akikulaza kwake amekudhamini. Wewe kesho asubuhi unapiga kiki unaondoka, yeye anabaki na majirani zake, mjumbe wake, kanisa au msikiti wake. Lolote utakaloacha nyuma litaitwa kwa jina lake.

Kwanza njia, kwa wasioijua. Usidanganywe na ramani ukadhani utakatiza Serengeti. Mabasi ya Musoma kwenda Arusha yanapita hifadhini, ila pikipiki hairuhusiwi Serengeti wala Ngorongoro. Kwa hiyo unashuka Shinyanga, Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke, unaingia Singida. Kutoka hapo ni Katesh chini ya mlima Hanang, Babati, Minjingu, Makuyuni, Kisongo, Arusha. Lami tupu. Babati hadi Arusha ni kama kilomita 170, na Arusha hadi Moshi ni kama 80.

Pale kati ya Minjingu na Kisongo ndipo wengi wanaharibu mahesabu. Ni uwanda, upepo unakupiga ubavuni, na jioni mifugo inavuka kurudi bomani. Ukichelewa kutoka Babati utaingia Arusha gizani, na mgeni wa gizani ni mzigo kwa mwenyeji hata kama hatasema. Mimi nikijua nalala Arusha, saa nane mchana niwe nimeshatoka Babati. Nikiona sitaweza, nalala Babati na nampigia mwenyeji mapema asipike.

Sasa niwasimulie nyumba moja ya Ngaramtoni, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Nilifika jua lingali juu. Kabla sijashuka vizuri watoto wakaja mbio, wakasimama mbele yangu, wakainamisha vichwa. Kwa Waarusha, kama kwa Wamasai, mtoto anamsalimia mkubwa hivyo, na wewe unamwekea kiganja utosini. Nilikuwa na helmeti na glavu. Wakasubiri pale pale, vichwa chini, hadi nilipovua nikawagusa mmoja mmoja. Mdogo wa mwisho hata kutembea vizuri alikuwa hajui, ila kuinama anajua.

Mzee mwenye boma akatoka. Nikamwamkia. Sikuoneshwa kiti. Akasema, "Tupite kwanza kwa mjumbe." Tukaenda kwa miguu, pikipiki ikabaki uani. Mjumbe akaniuliza jina, natoka wapi, naondoka lini. Akatazama kitambulisho cha NIDA na kadi ya pikipiki, akarudisha. Halafu akaniacha mimi kabisa, akamgeukia mzee: "Huyu ni wa kwako?"

Mzee akajibu: "Ni wa kwangu."

Wakuu, yule mzee alikuwa hajanifahamu hata kwa nusu saa. Alichokuwa nacho ni simu ya mtoto wa dada yake tuliyefanya naye kazi. Lakini mbele ya kiongozi wake amesema mimi ni wa kwake. Tuliporudi ndipo nikapewa kiti, nikaletewa loshoro kwenye bakuli, mahindi na maziwa mgando, nikala hadi nikashindwa.

Tangu siku hiyo kila ninapolala najiuliza, huyu aliyesema mimi ni wa kwake, kesho ataulizwa nini?

Naendelea. Karibuni mchangie.


Mwana_Sekenke

Mkuu nimekaa siti ya mbele. Ile njia ya Singida naijua, upepo wa pale si mchezo. Endelea kushusha.


KijanaWaDeiwaka

Mkuu heshima kwako, ila mimi nina mtazamo tofauti. Gesti Babati au Arusha unapata kwa elfu kumi na tano, elfu ishirini. Unaoga, unalala, unaondoka, hujasumbua mtu na hakuna mtu amekusumbua. Kwa nini nikaipe shida familia ya watu? Mtu ana watoto, ana mambo yake, mimi nimejaa vumbi na oili. Naona kama ni kubana matumizi kwa kumtwisha mwenzako.


NgoshaWaPasua

Mkuu, umesema jambo la maana na silipuuzi. Kama lengo ni kuokoa elfu ishirini, nenda gesti. Tena nakuomba uende gesti. Anayelala kwa watu ili abane pesa, mwenyeji anamjua kabla hajamaliza kunywa chai.

Mimi nalala kwa watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama. Pikipiki ikilala ndani ya uzio wa mtu anayejulikana mtaani, mtaa mzima unailinda. Ikilala uani kwa gesti, inalindwa na mlinzi mmoja naye ana usingizi wake. Na ukipata shida njiani kesho yake, una mtu wa kumpigia ambaye anajua fundi yupi ni mwaminifu na hospitali iko wapi. Wakati wa maporomoko ya Katesh, Desemba 2023, watu wenye wenyeji upande ule walipata habari za barabara kutoka kwa mtu aliyesimama penyewe.

Ya pili ni kwamba nchi hii huwezi kuijua kwa kupita barabarani. Nilipita Bomang'ombe mara nyingi nikidhani Uchagani ni maduka na mabasi. Nilipolazwa Kibosho ndipo nikajua kuna mtaro wa maji uliochimbwa na mababu unaopita katikati ya migomba, na una ratiba, leo maji ya fulani, kesho ya fulani. Gesti ya barabarani ingenionesha wapi hilo?


BintiKibosho

Shikamooni wakubwa. Uzi mzuri, ila wanaume mnazungumza ya sebuleni. Naomba niseme ya jikoni.

Mama yangu amepokea wageni maisha yake yote. Baba akisema "kuna mgeni anakuja", baba amemaliza kazi yake. Kuanzia hapo ni mama. Watoto wawili wanahamishwa kitanda, wanakwenda kulala na bibi. Mashuka yanafuliwa. Kuni zinatafutwa zaidi, maji ya kuoga yanachemshwa maana kwetu juu kuna baridi, na Juni na Julai ni baridi ya kweli. Ndizi za mtori zinamenywa mapema ili nyama iive vizuri. Halafu mgeni anafika saa tatu usiku anasema, "Mama usihangaike, nimeshakula Bomang'ombe." Mama anatabasamu. Anafunika sufuria. Mimi namwona uso.

Kwa hiyo naomba wasafiri mshike haya.

Ukiahidiwa kulala kwa watu, mpigie mama mwenyewe, usimalizane na baba tu. Mwambie unafika saa ngapi, mko wangapi, na kama kuna kitu huli. Mama akijua huli nyama hataona vibaya kabisa, kuna kiburu, kuna ng'ande, kuna maharage. Kinachomuumiza ni kugundua mezani.

Usije na mwenzako ambaye hakutajwa. Pikipiki moja tumejiandaa, zinaingia tatu?

Ukifika kihambani, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya familia, zima injini njiani usukume. Ng'ombe wetu hawaendi malishoni, wanafugwa zizini jirani kabisa na nyumba, wengine nyumba hiyo hiyo. Ukivuma na eksozi pale wanashtuka, na ng'ombe aliyeshtuka jioni maziwa yanapungua.

Na jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni masale. Mtaona ile mimea yenye majani marefu mpakani na katikati ya migomba. Usiegemeze pikipiki pale, usianike soksi juu yake, usikate jani kufutia cheni. Masale ni mpaka, na pengine ndipo alipolala babu. Sisi tunazikwa nyumbani, kihambani. Isale hilo hilo ndilo linalobebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha, na ukiletewa isale ni vigumu kukataa. Kuna mgeni aliingia migombani usiku kujisaidia kwa sababu aliona choo kiko mbali. Aliposimama ni juu ya kaburi la shangazi. Hakuambiwa. Baba alikwenda kulisafisha asubuhi, peke yake.

Choo kipo. Uliza.


Mwana_Sekenke

Dada hapo kwenye masale umenifungua macho. Sikuwahi kuambiwa na nimelala Machame.


NgoshaWaPasua

BintiKibosho, Mungu akubariki. Nakuongezea la mtaro, maana nimeliona kwa macho. Ule mtaro, wenyewe wanauita mfongo, si mahali pa kuoshea pikipiki. Maji ni safi, yanapita mlangoni, pikipiki imejaa tope jekundu, mkono unawasha. Usithubutu. Oili na grisi zitakwenda kwa wa chini, na wa chini wananyweshea mifugo na kumwagilia mboga. Zamu za maji zina kamati na zina faini, na atakayeitwa kwenye kikao ni mwenyeji wako. Omba ndoo, oshea pembeni ambako maji hayarudi mferejini, au subiri ushuke mjini uoshewe.


Fundi_wa_Majengo

Wakuu, mimi ni fundi pikipiki hapa mtaa wa Majengo, Moshi. Niongeze la kiufundi maana linahusiana.

Wasafiri wengi wanafika kwa mwenyeji na pikipiki mbovu, halafu mwenyeji anaanza kuhangaika. Baba wa watu anaacha shughuli zake anazunguka Majengo na Kiboriloni kutafuta sproketi. Usimfanyie hivyo. Tembea na tyubu ya akiba, waya wa klachi, plagi, viraka na gundi, na vyuma vya kutolea tairi. Cheni ikaze na uipake oili kabla hujaingia kwake, maana ikikatika kwenye mwinuko wa kwenda Kibosho au Uru utasukumwa na watoto wa watu.

Barabara kuu za kupanda vijijini zina lami sehemu kubwa, lakini vichochoro vya kuingia kihambani ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Masika, Machi hadi Mei, kama hujazoea iache pikipiki kwa mtu unayemwamini barabarani upande kwa miguu. Hakuna aibu.

Na usitengenezee oili uani kwa mwenyeji. Nimeona mtu amemwaga oili chafu chini ya mbuni. Ule mbuni umemlipia mtu ada ya shule. Watu wa huku walianzisha ushirika wao wa kahawa, KNCU, tangu 1933, kahawa si mti wa kawaida kwao. Njoo gereji, nitakubadilishia, oili chafu ina mahali pake.


DogoJanja_Nzega

Habari zenu kaka na dada. Mimi natoka Nzega, mwezi ujao naenda Moshi kwa mara ya kwanza. Nimepata mwenyeji Arusha na mwingine Moshi kupitia grupu. Swali langu ni pesa. Nikitoa ni kosa? Nisipotoa ni kosa? Hapo ndipo ninaponyimwa usingizi.


NgoshaWaPasua

Mdogo wangu, swali zuri na nitalijibu kwa urefu.

Njia unayopita ina zawadi zake, zinunue humo humo. Ukitoka Mwanza beba dagaa au samaki mkavu, funga vizuri mara mbili kisha kiroba, isije nguo zikanuka. Wewe wa Nzega una mchele, tena mzuri. Singida nunua mafuta ya alizeti, chupa ya lita tano inakaa vizuri kwenye keria ukiifunga imara, na vitunguu. Ukipita Magugu kuna mchele unaosifika hadi Arusha. Mama wa Kibosho akipokea mafuta ya alizeti ya Singida anajua ulimkumbuka ukiwa bado uko mbali, na ukimpa noti hajui kama ulimkumbuka au umelipa.

Zawadi mpe mama, siku ya kufika, kabla hujakaa. Usiiache hadi siku ya kuondoka, inageuka malipo.

Pesa mezani mbele ya baba, hapana. Nimeona mzee amekasirika hadi kahawa ikamshinda kunywa. Kama moyo unakusukuma, kuna namna: watoto wape ya daftari, au bibi mwachie ya sukari na sabuni wakati wa kuaga, kwa mikono miwili, bila kutaja kiasi.

Na kuna kulipa kwa kazi. Una pikipiki, nyumba nyingi hazina. Muulize mama kama kuna mahindi ya kupeleka mashine. Kina mama wa huku wanabeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare hadi juu. Mzigo mmoja ukiupandisha kwa pikipiki umemwokolea mama asubuhi nzima. Wahenga walishasema mgeni siku ya tatu apewe jembe, wewe usisubiri ya tatu.


MamaWaMjini_Moshi

Nipingane kidogo hapo. Mimi napokea wageni Moshi mjini, na pesa napokea, tena bila aibu. Mjini si kihambani. Ndizi nanunua, mkaa nanunua, maji na umeme vinasoma. Grupu la waendesha pikipiki wakinitumia mtu, tunakubaliana kabisa: chakula cha jioni na chai ya asubuhi, kiasi fulani. Anakula ameshiba, analala vizuri, na asubuhi tunaagana kwa furaha. Hilo halijaniondolea ukarimu wangu. Mkiwafundisha vijana kwamba pesa ni tusi, wengine wetu tutashindwa kupokea watu.


NgoshaWaPasua

Mama, umenirekebisha na nakubali. Kwa hiyo DogoJanja, sikia la mama: uliza mapema, kwa simu, kabla hujatoka Nzega. "Mama, niwachangie nini?" Ni swali la heshima. Akisema njoo tu, basi ni alizeti na vitunguu. Akitaja kiasi, mtumie siku moja kabla ili aende nacho sokoni. Ugumu wote unatoka kwenye kunyamaza.


Dada_wa_Sakina

Jamani na sisi wanawake tunaoendesha? Mimi ni mkazi wa Arusha, naendesha pikipiki kwenda Dodoma kwa wazazi, na sitaki kusikia "mwanamke asilale kwa watu". Nalala, ila nina utaratibu.

Siendi kwa mwanaume anayeishi peke yake, hata kama grupu zima linamsifu. Naongea na mama mwenye nyumba kwa sauti, si kwa meseji. Nikisikia watoto wanapiga kelele nyuma yake moyo unatulia. Njia ninayoiamini kuliko magrupu ni kanisa. Ukisema uko jumuiya fulani ya parokia fulani, mwenyekiti wa jumuiya anampigia mwenzake wa Babati au Kibosho, na unapokelewa na kina mama wa kwaya. Walutheri wa Machame nao hivyo hivyo kwa usharika wao. Nina rafiki Mwislamu anayepitia kwa kina mama wa madrasa, Kondoa na Singida, hajawahi kukosa pa kulala.

Nikifika naingia jikoni. Si kwa sababu mimi ni mwanamke, ni kwa sababu jikoni ndipo utakapojua nyumba imekaaje. Nikimenya ndizi na mabinti wa nyumba kwa muda mfupi nakuwa nimeshajua nalala na nani, mlango unafungwa vipi, na nani anaamka mapema. Siku moja tu sikupenda nilichokiona. Niliaga kwa adabu nikasema nimepigiwa simu ya dharura, nikaondoka kungali na mwanga. Dada zangu, kuaga mapema si utovu wa adabu.


BintiKibosho

Dada, hilo la jumuiya ni kweli tupu. Na mwanamke akifika na pikipiki Kibosho, bibi zetu wanafurahi hadi wanatoka na majirani kuja kukuona. Jiandae kusimulia.


Mzee_wa_Kumbukumbu

Vijana, mnaloliongea lina historia ndefu. Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London na pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Wakavuka Sahara, wakashuka Afrika hadi Cape Town, wakafika katikati ya mwaka 1935. Mwingereza mwingine, Ted Simon, aliondoka London Oktoba 1973 na Triumph, akaizunguka dunia kwa miaka minne.

Siku hizo hakuna simu ya mkononi wala grupu. Pikipiki ikiharibika unakaa pale hadi kipuri kifike, na unakaa kwa mtu. Barabara hiyo mnayopita Arusha ni sehemu ya njia kuu ya zamani ya kutoka Cape kwenda Cairo. Wazee wa kando ya barabara hii wamepokea watu wenye vumbi kabla ya Uhuru. Ndiyo maana mzee wa Ngaramtoni hakutetereka mbele ya mjumbe.


Rider_wa_Taveta

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi wa Kenya tukiingia kwa Holili tupitie kwa mjumbe pia, ama ni nyinyi tu?


NgoshaWaPasua

Karibu sana jirani. Hasa nyinyi. Mwenyeji wako akupeleke kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo, uoneshe hati yako iliyogongwa muhuri Holili na karatasi za pikipiki. Usimwachie mwenyeji kujieleza peke yake baadaye. Na mwendo: kwenye makazi kuna vibao vya 50, kuanzia Himo hadi Moshi ni vingi, viheshimu.


KijanaWaDeiwaka

Nimesoma yote. Nimebadili nusu ya mawazo. Bado nikiwa nimechoka sana nitaenda gesti, maana mgeni aliyechoka hana mazungumzo na mwenyeji anataka mazungumzo. Lakini Moshi nitajaribu kwa watu. Swali moja: mbege. Nikikaribishwa na kesho naendesha?


BintiKibosho

Kaka umesema kweli kuhusu uchovu, hata mama angekuunga mkono.

Mbege ni ndizi mbivu na ulezi, ni kinywaji cha nyumba, na kata ya kunywea inazunguka kwa wakubwa. Ikifika kwako ipokee kwa mikono miwili, onja kidogo, mpe anayefuata, sema "baba, asubuhi nina barabara". Hakuna mzee wa Kichaga atakayekulazimisha ukisema hivyo. Kama dini yako hairuhusu, sema tangu mwanzo utaletewa chai ya maziwa. Wanaokosewa adabu ni wale wanaonyanyua kata, wananusa, wanarudisha.


DogoJanja_Nzega

Asanteni sana wote. Nimeshampigia mama wa Moshi, amesema nisilete pesa, nilete mchele. Wa Arusha ni Kisongo, nimeambiwa nitaonana na mjumbe. Kaka Ngosha, nikitoka Singida alfajiri nitafika Kisongo kabla ya giza?


NgoshaWaPasua

Ukitoka alfajiri ya kweli, ndiyo, bila presha. Jaza tangi Singida, kula Katesh, usisimame sana Babati. Ukifika Makuyuni mpigie mwenyeji, mwambie "nipo Makuyuni", atajua aanze kuwasha moto. Kesho yake kuja Moshi, ukitaka kukwepa foleni ya mjini Arusha shika barabara ya mchepuo, itakutoa Usa River. Hapo unanyoosha Kikatiti, njia panda ya KIA, Boma, Kwa Sadala, unavuka Kikavu.

Mchele ufunge usilowe. Ukifika Moshi pita Pasua unisalimie, na kama cheni inalia Fundi wa Majengo yupo jirani.


Fundi_wa_Majengo

Nipo. Jumapili nafungua baada ya ibada.